Fundi wa kupandia

Mwaka 1993 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na hakuna kitu nilichokuwa sikijui kuhusu magari. Elimu yenyewe niliipata kwa miezi mitatu chini ya mwembe mmoja pale Tanga, kwenye gereji isiyo na ukuta, kazi yangu kubwa ikiwa kushika tochi na kuagizwa sigara.

Baba mkubwa alikuwa na Vokswageni, ile ya injini nyuma, 1300, rangi iliyokuwa ya krimu zamani. Alilipenda lile gari kuliko alivyotupenda sisi, na hakulificha hilo. Jumamosi moja ya Desemba tulitakiwa kupeleka mahari ya kaka yangu Lushoto, na siku nne kabla, gari likaanza kugoma kuwaka asubuhi. Akataka kumwita fundi. Nikamwambia, "Baba mkubwa, usitupe hela. Hizo ni platini tu zimeungua. Nipe nusu siku."

Na kweli zilikuwa platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke kwenye plagi. Kwenye utambuzi sikukosea, na hilo ndilo lililoniponza. Nikanunua platini na kondensa mpya, nikafunga. Nafasi ya platini nikaipima kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokuwa natembea nacho mfukoni kama wafanyavyo mafundi, maana pale mwembeni kila kitu kilipimwa kwa kipande hicho. Kisha nikawasha, nikalegeza nati ya kumi inayobana distributa, chombo kinachobeba platini na kugawa cheche, nikaanza kuizungusha taratibu huku nimeinamisha sikio. Kadiri nilivyoizungusha kuelekea kushoto, ndivyo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilivyopanda na injini ikazidi kulia vizuri. Ilipofika mahali ikaimba, nikabana. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Alama kwenye puli, lile gurudumu la mkanda la injini, sikuitazama kabisa, na hata ningetaka, ilikuwa imezikwa chini ya oili ya miaka.

Asubuhi gari liliwaka kwa kugusa tu. Baba mkubwa akanitazama kwa jicho ambalo hajawahi kunitazamia tena.

Tulikuwa watu wanne. Baba mkubwa kwenye usukani na koti lake, mimi kando yake, nyuma shangazi na rafiki mmoja wa marehemu baba aliyekuwa msemaji wetu. Muheza, Segera, Korogwe, gari linakwenda kama mshale. Mashamba ya mkonge yanapita, milima ya Usambara iko kulia, na mimi najisikia mtu mzima. Mombo tukanywa chai, tukakunja kulia kuanza kupanda.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33, na sehemu kubwa ni kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Hatujafika mbali shangazi akasema, "Nyie, ni nini hicho kinacholia huku nyuma kama njugu kikaangoni?"

Mbele hatukusikia kitu. Injini ile inapoozwa kwa upepo, feni yake ina kelele peke yake, na iko mgongoni mwa abiria wa nyuma. Dereva anaweza kuiua bila kuisikia ikilia. Nikajibu kwa sauti ya mjuzi kwamba ni mawe yanarukia chini ya gari.

"Mawe?" shangazi akasema. "Haya, mwanangu. Mawe."

Kona tatu baadaye gari likaanza kuchoka. Baba mkubwa akashusha gia hadi ya pili, halafu ya kwanza. Kukaja harufu ya chuma kilichochemka. Gari lile halina geji ya joto, kuna taa ya oili tu, na kila aliposhuka mwendo kwenye kona taa ile ilikuwa inakonyeza. Tukajikokota hadi Soni, akazima. Baada ya dakika tano akajaribu kuwasha, stata ikasukuma, injini ikairudisha nyuma kama punda anayepiga teke. Hapo hata mimi nilijua kwamba si mawe.

Watoto wakatuzunguka na ndoo za plamu na mafyulisi. Mmoja wao ndiye aliyekwenda kumwita mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga. Akaja na ndala, mfuko wa nailoni mkononi. Tukamwamkia, akaitikia, akafungua boneti ya nyuma, akaweka kiganja juu ya injini na kukiondoa haraka.

"Tunasubiri," akasema.

Baba mkubwa akamwambia tunasubiriwa Lushoto, tuna mahari. Mzee akasema mahari haiozi. Taimingi ya injini hii hupangwa ikiwa imepoa, alisema, na akaenda kukaa kivulini. Tukakaa naye zaidi ya saa nzima. Sijawahi kula plamu nyingi namna ile, na hakuna iliyokuwa tamu.

Injini ilipopoa akafungua kifuniko cha distributa, akachungulia, akaniuliza bila kugeuka, "Platini ulipimia nini?" Sijui alijuaje kuwa ni mimi. Nikatoa kipande cha msumeno.

Akakichukua, akakipitisha kwenye plagi moja, kikaingia sawasawa. "Hapa ni mahali pake. Plagi ni milimita 0.7." Kisha akatoa mfukoni fila, kipimo cha vijani vyembamba vya chuma, yenye kutu, iliyobakiwa na majani manne. "Platini ni 0.4. Umeziachia mlango wazi." Akarekebisha nafasi kwanza, na akanieleza kwa nini kwanza. Platini zikiwa na nafasi kubwa zinafunguka mapema, na cheche inaruka platini zinapofunguka. Kwa hiyo ukishagusa platini, taimingi ya jana imekufa, lazima uanze upya.

Akafuta puli kwa kitambaa chenye petroli mpaka alama ikaonekana, mkato mdogo tu, akaupaka chaki. Akashika spana ya 21 kwenye nati ya jenereta, akaizungusha injini kwa mkono hadi mkato ule ukasimama mkabala na mstari ambapo nusu mbili za injini zimeungana. Akaniambia nitazame rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya distributa. Ilikuwa imeelekea kinyume kabisa na alama ya silinda ya kwanza. Akazungusha puli mzunguko mmoja zaidi. Rota inazunguka mara moja kila puli inapozunguka mara mbili, kwa hiyo alama ya puli peke yake inaweza kukudanganya.

Sasa akatoa kilichokuwa ndani ya mfuko wa nailoni: balbu ya indiketa iliyounganishwa nyaya mbili. Waya mmoja akaugusisha pale koili inapopeleka waya kwenye distributa, wa pili kwenye chuma cha injini. Baba mkubwa akawasha swichi. Balbu ikawaka. Mzee akazungusha distributa kulia mpaka ikazimika, yaani platini zimefunga, kisha akairudisha kushoto kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Ilipowaka tu, akasimama. Akabana.

Alikuwa amesimama mbali mno na pale nilipoacha mimi. Digrii saba na nusu kabla pistoni haijafika juu, alisema, ndizo injini hii inazotaka. Mimi nilikuwa nimeipa cheche pistoni ikiwa bado mbali, moto unaikuta njiani na kuisukuma irudi chini. Nikajitetea kwamba ilikuwa inaimba. "Ikiwa haina mzigo, ndiyo," akasema. "Inaipenda taimingi ya mbele ikiwa imesimama. Iulize ikiwa na watu wanne na mlima."

Akachukua pesa kidogo sana na kurudi kwenye mashine yake. Gari likapanda Lushoto kwa gia ya tatu na ya pili, kimya, shangazi ameegemeza kichwa nyuma makusudi asikilize.

Tulifika wakati wageni wengine wameshakata tamaa. Mazungumzo sikuyafuata, maana nilikuwa najaribu kuficha mikono. Chakula kilipokuja, msichana akapita na birika la kunawisha, na maji yaliyodondoka kutoka viganjani mwangu yalikuwa meusi. Mama wa bibi harusi mtarajiwa akayaona.

"Kumbe mmekuja na fundi wenu," akasema.

"Huyu?" shangazi akajibu, bila hata kunitazama. "Huyu ni fundi wa kushukia. Wa kupandia tumemwacha Soni."