Dashibodi ya dijitali ya pikipiki: inavyochoka Dodoma na ninavyoifufua

Dashibodi nyingi zinazosemwa zimekufa hapa Dodoma hazijafa. Namba ya mwendo inakosa vipande, tarakimu zimefifia, au skrini yote imekuwa nyeusi, na mwenye pikipiki ameshaambiwa anunue mpya. Mimi naanza na umeme, maana ukifunga mpya bila kugusa chanzo, nayo itaondoka vilevile.

Naweka mita kwenye betri. Pikipiki ikiwa imezimwa, betri nzima husoma volti 12.4 hadi 12.8. Nawasha, napiga resi hadi mizunguko kama 4,000 au 5,000 kwa dakika: nataka kuona kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, rektifaya (kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji) imechoka au waya wake wa ethi umelegea, na umeme huo ndio unaokaanga saketi ya dashibodi. Kama balbu ya taa kubwa nayo inaungua kila mara, usitafute mchawi mwingine.

Kisha naangalia chaja ya simu. Bodaboda wengi huchukua moto wake kwenye waya wa swichi unaolisha dashibodi, wakausokota na kuuzungushia selotepu. Ukitikisika kwenye barabara ya makorongo, skrini inazima na kuwaka, na kila ikiwaka inaanza upya kuonyesha 888 zake. Chaja naihamishia betri moja kwa moja, kupitia fyuzi ya ampea 5 na rilei, yaani kiwashio kidogo cha umeme, inayoamshwa na swichi ya ufunguo.

Umeme ukiwa safi ndipo nafungua. Vipande vinavyokosekana ni ugonjwa hatari kidogo, maana 8 iliyopoteza vipande viwili vya kushoto inasomeka 3, na dereva anaamini yuko mwendo wa 30 kumbe 80. Kwenye dashibodi nyingi za bei nafuu, skrini haijachomelewa kwenye bodi. Kati yao kuna ukanda mwembamba wa mpira wenye mistari midogo inayopitisha umeme. Vumbi likiingia hapo, au skrubu zikilegea kwa mtikisiko, mistari kadhaa inakosa mgusano. Nautoa ukanda kwa kibanio, si kwa vidole vyenye oili. Naufuta kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Alama za shaba kwenye bodi nazisugua taratibu kwa ufutio wa penseli. Ukingo wa kioo chenyewe ufute kwa kitambaa tu, usiukwangue, kwani njia zake za umeme ni tabaka jembamba ajabu lisiloonekana kwa macho. Wakati wa kufunga, skrubu nazikaza kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe. Ukikaza upande mmoja kwa nguvu kioo kinapasuka, doa jeusi linasambaa, na hapo hakuna ufundi tena.

Sasa jua. Skrini inayogeuka nyeusi saa nane mchana na kurudi sawa jioni haijaharibika. Imezidiwa joto tu, kwa sababu vioo vingi vya kawaida hutengenezwa vifanye kazi hadi nyuzi joto 60 au 70 za Selsiasi. Ile ambayo ni ya kahawia hata alfajiri, utando wake wa juu wa kuchuja mwanga umeungua. Utando huo mafundi simu wanao. Wa zamani nauchomoa kuanzia kona kwa wembe uliolazwa karibu kulala kabisa, gundi iliyobaki nailainisha kwa spiriti. Petroli hapana, inapasua plastiki vijistari. Kabla ya kubandua karatasi ya gundi ya utando mpya, nauweka juu ya skrini ikiwa imewashwa na kuuzungusha: upande mmoja tarakimu zinatoka nyeusi juu ya mandhari angavu, ukiuzungusha nyuzi 90 zinageuka kinyume. Ukishapata mkao sahihi, weka alama kwa kalamu, ndipo ukate. Utando wa nyuma usiuguse kama hauna doa, kwa kawaida ndio unaorudisha mwanga. Kazi hii naifanyia ndani, feni imezimwa, sakafu imenyunyiziwa maji. Upepo wa Septemba ukiingiza punje moja tu chini ya utando, utaitazama punje hiyo miaka.

Maji huharibu kwa njia ambayo wengi hawaidhanii. Dashibodi iliyooka juani imejaa hewa ya moto. Ukiipiga mashine ya presha ghafla, hewa inapoa, inanywea, na kuvuta maji kupitia kila upenyo. Pikipiki ikae kivulini nusu saa kwanza, na pua ya mashine isielekezwe kwenye dashibodi. Ukungu ukishaonekana ndani, fungua ukaushe. Usizibe kila mahali kwa silikoni. Tundu dogo la chini ni la kupumulia, ukiliziba unyevu unafungiwa humo. Na silikoni yenye harufu ya siki inakula shaba.

Plastiki angavu ya juu usiifute kavu. Mchanga wa huku unatokana na granaiti, umejaa kwatsi, madini ambayo ni magumu kuliko plastiki hiyo kwa mbali. Mwaga maji kwanza, kisha kitambaa laini. Mikwaruzo midogo naipunguza kwa msasa wa maji namba 2000, halafu dawa ya meno.

Kama unanunua pikipiki, chagua tarakimu nyeusi juu ya mandhari angavu. Zile nyeupe juu ya nyeusi zinapendeza usiku, ila saa sita mchana kwenye barabara ya Bahi utakuwa unakisia mwendo. Miwani ya jua yenye lenzi za polaroidi nayo inaweza kuifanya skrini ionekane nyeusi. Inamisha kichwa ujue kama tatizo ni miwani.

Ikibidi kweli kubadilisha, tafuta ya modeli ileile. Ya modeli nyingine inaweza kuhesabu mizunguko ya tairi vibaya, kwa hiyo ilinganishe na mwendo wa GPS ya simu ukiwa 40. Kilomita nazo mara nyingi hukaa ndani ya dashibodi yenyewe: mimi huandika zile za zamani na tarehe chini ya kiti kwa kalamu ya rangi, ili hesabu ya kubadilisha oili isipotee.