Basilika ya Palladio, tao kwa tao: mradi umefika hapa

Upande wa kaskazini umekamilika. Matao tisa ya chini na tisa ya juu, yale yanayotazama uwanja wa Piazza dei Signori hapa Vicenza, Italia, sasa yamekaa kwenye picha moja ndefu, na kila moja limepigwa kutoka mbele yake hasa.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: Basilika hii si kanisa bali ukumbi wa mji, na msanifu Andrea Palladio hakulijenga jengo hili kuanzia msingi. Ukumbi wa ndani ni wa karne ya 15, na baraza za awali zilizouzunguka ziliporomoka kwenye kona moja mwaka 1496. Wakubwa wa mji waliitisha wasanifu mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 1549 kazi ikaangukia kwa Palladio, mtoto wa msaga nafaka aliyeanza maisha kwa kuchonga mawe. Akauvika ukumbi ule baraza mpya za mawe meupe, ghorofa mbili. Ila ukumbi wenyewe haukuwa na vipimo vilivyolingana, na nguzo mpya zililazimika kuufuata. Hapo ndipo fundi alipoonyesha ufundi wake: matao yote aliyapa upana mmoja, kisha kila upande wa tao akaacha uwazi mwembamba wa wima. Uwazi huo ndio unaopanuka na kubanwa. Mpita njia huona matao yanayofanana, basi.

Picha ya kawaida huuficha ujanja huo. Ukisimama katikati ya uwanja, matao ya mbali yanasinyaa yenyewe, na jicho linasingizia umbali. Ndiyo maana nahama na kamera, tao hadi tao, kwenye mstari wa chaki uliokwenda sambamba na jengo. Pimamaji iko juu ya kamera, na urefu wa stendi haubadiliki.

Kupata katikati ya tao, nguzo ndogo zinanisaidia kuliko tepu. Zimepangwa mbilimbili, moja nyuma ya nyingine. Nikisogea kidogo kushoto, nguzo ya nyuma ya upande mmoja inachomoza zaidi na ya upande wa pili inajificha. Zikichomoza sawa kulia na kushoto, nafunga stendi na kupiga. Kipimo hiki amekiacha Palladio mwenyewe ndani ya jiwe, na kila nikikitumia napata furaha ambayo siwezi kuificha.

Kuunganisha vipande ndiko kulikokula muda. Kina cha baraza hakikubali kuungwa: dari na ukuta wa ndani vinagongana. Nikahamishia maungio yote kwenye nguzo kubwa zilizoshikana na ukuta kati ya tao na tao, pale pasipo na kina. Yakapotea kabisa. Programu ilitaka pia kusawazisha upana wa vipande, nikaizima hiyo sehemu, kwa sababu kutolingana huko ndiko ninakokutafuta.

Jua nimeliacha. Mawingu mepesi yanazipa nguzo za chini, za mtindo wa Doriki, na za juu, za mtindo wa Ioniki, uzito uleule, na jiwe linaonyesha madoa yake.

Matokeo yanaonekana zaidi kwenye kona. Tao la mwisho limebaki na mduara wake kamili, lakini uwazi wa pembeni umebanwa hadi mtu mnene angepita kwa ubavu. Nimeiweka picha kando ya mchoro wa kitabu cha Palladio cha 1570, kilichochapwa Venezia kwa vibao vya mbao. Kitabuni, jengo limenyooshwa likawa kamilifu. Mimi naupenda ukuta kuliko mchoro, kwa sababu ukutani ndiko alikopambana na jengo la watu wengine akashinda bila kulibomoa.

Kinachofuata ni upande wa kusini, unaotazama uwanja wa Piazza delle Erbe. Ardhi huko iko chini zaidi, kwa hiyo mstari wangu wa chaki hautafaa. Nitahitaji stendi ndefu, na asubuhi isiyo na soko.