Kamera ya lango la Entebbe: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya kwanza

Kazi yangu iko Gulu, nyumba iko Entebbe, na shangazi yangu anayeishi humo hunipigia simu kila mbwa wanapobweka usiku wa manane, nami sina la kumjibu. Ndiyo maana nimeamua kufunga kamera ambayo nitaweza kuitazama kutoka huku niliko.

Kuifunga kulichukua asubuhi moja tu. Niliiweka chini ya upenu, kimo cha mita tatu hivi, ikielekea lango. Mwanzoni ilinasa pia uwanja wa jirani, nikaigeuza kidogo, kwa kuwa sikuona haki ya kumrekodi mtu akianika nguo zake.

Wiki ya pili

Nilidhani kazi iliyobaki ni kufungua poti (mlango wenye namba ambao data hupitia) kwenye ruta, kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, ili simu yangu iifikie kamera kutoka nje. Nilifungua poti 554, ambayo kamera nyingi hutumia kurusha video, nikazima Wi-Fi ya simu na kujaribu kwa bando. Kimya. Nilirudia kwa siku mbili, nikibadilisha hiki na kile, kabla ya kutazama jambo ambalo ningepaswa kulitazama kwanza: anwani, yaani namba ya kutambulika kwenye intaneti, ambayo ruta yenyewe imepewa upande wa nje. Ilianza na 100.72, na anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Kwa hiyo nilikuwa nikifungua mlango wa chumba huku geti la nje likiwa na kufuli ambayo ufunguo wake si wangu.

Baada ya hasira kupoa, nilikiri kwamba ilikuwa heri. Kirusi cha Mirai, mwaka 2016, kiliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani kwenye vifaa vilivyoachwa wazi kwa intaneti, na nenosiri la kamera yangu wakati huo lilikuwa bado lile lile lililotoka nalo dukani.

Wiki ya tatu

Nimebadilisha nenosiri, nimefunga poti, na nimegeuza mwelekeo wa safari: badala ya simu kuifuata nyumba, nyumba ndiyo inayotoka. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyo sebuleni hufungua njia ya siri kwa programu iitwayo WireGuard hadi kwenye seva ndogo ninayoikodi, yaani kompyuta iliyo wazi kwenye intaneti muda wote, na simu yangu nayo huingia kwenye seva hiyo hiyo. Kila sekunde 25 Raspberry Pi hutuma pakiti tupu, kwa maana mitambo ya kampuni ya intaneti husahau upesi muunganisho ulionyamaza.

Picha ya kwanza niliyoipata nikiwa Gulu ilimwonyesha Shangazi akifagia. Nilipompigia kumweleza, alicheka, kisha akauliza kama sasa atalazimika kuvaa vizuri kila anapotoka nje.

Kuhusu bando: video kamili ya megabiti 2 kwa sekunde ingemaliza takribani gigabaiti 21.6 kwa siku. Rekodi hiyo inabaki kwenye kadi ndani ya kamera, nami hutazama mkondo mdogo wa kilobiti 256, ambao hula kama megabaiti 115 kwa saa.

Wiki ya tano

Wadudu wa ziwani sikuwa nimewapangia. Taa ya infraredi iliyo kando ya lenzi humwangaza kila anayepita karibu, na kidudu kidogo huonekana kama shuka jeupe linalopepea. Usiku mmoja simu ilinitumia tahadhari zaidi ya mia mbili. Nimeizima taa hiyo na kuweka nyingine mita mbili pembeni, na Shangazi huondoa utando wa buibui kwa fagio kila Jumamosi.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 huendesha ruta, Raspberry Pi na kamera kwa saa nne hivi. Umeme ulipokatika kupita muda huo, kila kitu kilizimika, na uliporudi Raspberry Pi iliwaka kabla ya ruta kupata intaneti, ikashindwa kutafuta jina la seva, ikakata tamaa. Nimeandika anwani ya tarakimu mahali pa jina. Tangu hapo betri imeisha mara mbili, na mara zote mbili picha ya lango imerudi bila Shangazi kugusa waya wowote.