Kwani muuza bakso hatakiwi kuwa mrembo?

Kaa TikTok au YouTube ya Waindonesia hata nusu saa, lazima ukutane nazo: "Muuza bakso mrembo azua gumzo", "Mlinzi mtanashati awachanganya akina dada", "Dereva wa ojek kumbe ana digrii!!" na watu wanabofya weee. Bakso ni zile mipira ya nyama kwenye supu, mara nyingi inauzwa kwa mkokoteni mtaani, na ojek ni bodaboda. Sasa ifungue hiyo video uone, dada anachota supu, anarudisha chenji, imeisha hiyo.

Kinachoniudhi wala sio uongo, maana mara nyingi hata sio uongo, ni huo mshangao. Mbona hakuna anayeshangaa mhasibu kuwa mrembo? Aliyeandika anaamini kabisa kazi ya mkokoteni ni ya watu wa sura mbaya wasio na akili, ila kaipaka sifa juu ili tusishtuke. Na hela ya video inamwendea aliyeshika simu, dada wa watu yeye anabaki na supu yake.

Umaarufu wenyewe nao ndo huo. 2011 kuna askari wa Brimob, kikosi maalum cha polisi, kule Gorontalo, Norman Kamaru, alijirekodi akiigiza kuimba wimbo wa Kihindi na sare zake, nchi nzima ikamjua, akaitwa kwenye matv huko Jakarta, na mwaka haujaisha kashafukuzwa upolisi. 2014 akawa anauza uji wa Manado Jakarta, na waandishi wakamfuata hadi hapo, eti zamani staa leo muuza uji! Jamani, si anafanya kazi.

Kilichonikera zaidi ni laivu za mwanzoni mwa 2023 kutoka Lombok, bibi wa watu kakaa kwenye maji ya tope anajimwagia masaa kwa masaa ili watazamaji warushe zawadi, mpaka waziri wa masuala ya jamii, Tri Rismaharini, akatoa waraka kuzitaka serikali za mikoa na wilaya zizuie kuombaomba kwa kutumia wazee, iwe barabarani au mtandaoni. Hiyo ni kiki iliyovuka mpaka.

Haya, kuna siku kusambaa kunasaidia, hilo sikatai. Mwishoni mwa 2024 mhubiri Gus Miftah, aliyekuwa mjumbe maalum wa Rais Prabowo, alimtukana muuza chai ya barafu mbele ya umati Magelang, klipu ikasambaa, watu wakawaka, Desemba 6 akajiuzulu. Hapo nilifurahi kweli. Yule muuza chai naye akamiminiwa misaada, sawa kabisa, ila na makamera nayo yakahamia kwake nyumbani, kila mmoja anataka chozi lake, na mi hapo ndo huwa nafunga simu.