Tulivyoweka moto kwenye tamthilia huku bado tunakata

"Usimpe mtu wa efekti kazi mpaka mkato ufungwe." Yaani anayeongeza moto na moshi kwa kompyuta asubiri hadi uhariri uishe na usibadilike tena. Ushauri huu nimeupata kwa kila mtu, na kwetu haufai hata kidogo. Mimi ni mhariri, na mwongozaji wangu hafungi mkato. Siku ya kukabidhi imefika, bado anasema, "Kaka, hapo ongeza kidogo." Tungemsubiri, jamaa wa efekti aliyeko Arusha angebakiwa na usiku mmoja wa kuichoma nyumba nzima.

Nikaanza kumpa shoti, yaani kipande kimoja kimoja cha video, mapema. Kila moja niliitoa na fremu (picha moja moja zinazounda video) 12 za ziada mwanzoni na 12 mwishoni. Tulipiga kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama nusu sekunde kila upande. Anaweka moto kwenye zote, hata zisizoonekana. Mwongozaji akitaka mama achelewe kutoka mlangoni, navuta ukingo wa shoti na moto upo.

Ninachojivunia zaidi ni namba. Fremu ya kwanza ya kila shoti tunaiita 1001, si 0, na mkato wenyewe unaanzia 1013. Basi mwongozaji akairefusha shoti ya paa kuanguka kwa fremu 20 upande wa mwanzo. Ziada ikaisha. Nikatuma fremu 8 zilizotangulia, zikaitwa 993 mpaka 1000, na kazi iliyokwisha fanyika haikuguswa. Tungeanzia 0 tungeanza kubadilisha majina ya faili zote usiku ule.

Shoti nazo zilihesabiwa kwa makumi, 010, 020, 030, ili ikiingia mpya katikati iwe 015. Jina na namba ya fremu vilionekana kwenye kona ya video ya kuangalizia. Simu zikawa fupi: "Kaka, 040, fremu 1032, moto unatangulia." Video hizo nilizituma WhatsApp kama dokumenti, zisipunguzwe ubora. Faili kubwa zilipanda basi ndani ya hard disk, elfu kumi na kitu kila safari, nafuu kuliko bando.

Na grafiki za majina yanayotokea juu ya picha, omba ziletwe kama ProRes 4444 (aina ya faili ya video), au picha za PNG zenye namba mfululizo. MP4 ya kawaida haibebi uwazi, yaani sehemu zinazoacha picha ya nyuma ionekane. Jina litakuja na mstatili mweusi nyuma yake.