Emoji na biashara: fikiria anayepokea

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya mitandaoni kwa biashara ndogo za hapa Nairobi: duka la viatu, kliniki ya mtaani Umoja, fundi wa samani Ngong Road, sacco moja. Wote huniuliza tuweke emoji ngapi. Mimi huwauliza kwanza: atakayepokea ataona nini, au atasikia nini?

Nasema kusikia kwa sababu yupo mteja wa huyo fundi asiyeona. Simu yake ya Android humsomea maandishi kwa sauti kwa kutumia TalkBack. Siku moja tukiwa kwenye benchi la karakana, vumbi la mbao kila mahali, alinifungulia tangazo la duka jingine. Sauti ikaanza kumiminika: uso unaotabasamu, macho ya mioyo, makochi, moto, mapya, roketi, yamefika, nyota inayong'aa… Bei haijatajwa bado, kidole chake kilikuwa kimeshapita kwenye tangazo linalofuata. Programu hizo hutaja emoji kwa majina yake. Picha zikiingia katikati ya maneno, sentensi inakatikakatika na msikilizaji anapoteza maana. Huyo ni mtu aliyekuwa na pesa ya kochi mfukoni! Ndiyo maana mimi huweka emoji mwishoni mwa sentensi, moja au mbili, na sikubali picha ichukue nafasi ya neno. Andika “kochi”. Picha ya kochi ifuate ukitaka.

Hata wenye macho hawaoni kitu kimoja. Kinachosafiri ni namba ya Unicode tu, yaani namba ambayo kila herufi na kila emoji imepewa duniani kote. Mchoro hutoka kwenye kifaa cha anayepokea, na kila kampuni huchora wa kwake. Bendera yetu 🇰🇪 hupendeza kwenye simu, lakini mhasibu wa Upper Hill akiifungua kwenye kompyuta ya Windows, mara nyingi huona herufi KE tu. Kwa hiyo usiandike “Imetengenezwa” ukaiachia bendera imalizie.

Halafu kuna 🙏. Hapa kwetu ni asante, ni tafadhali, ni pole, ni maombi. Kwenye salamu za rambirambi inakaa vizuri sana. Kwenye ujumbe wa kumkumbusha mwanachama deni la mkopo, inaifanya sacco ionekane inaomba msaada, na mimi huiondoa bila kusitasita. Vilevile 😂 haina nafasi kwenye jibu la mteja anayelalamika, hata kama yeye ndiye aliyeanza kuituma.

Dole gumba 👍 nalo lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2023, mahakama ya jimbo la Saskatchewan, Kanada, iliamua kwamba mkulima aliyejibu mkataba wa kuuza kitani kwa 👍 kwenye simu alikuwa ameukubali. Mzigo haukufika, akaamriwa kulipa zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Sheria yao si yetu, lakini oda nyingi za hapa mjini hupita WhatsApp. Mteja akikuuliza, “Viti sita kwa elfu arobaini na tano, Jumamosi?” jibu kwa maneno: bei, idadi, siku. Dole lije baadaye, kama lazima.

Wanaotuma SMS za jumla ndio ninaowahurumia zaidi, maana wao wanalipia bila kujua. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiingiza emoji hata moja, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa usimbaji na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi hapo, unagawanywa vipande vya 67. Salamu ya herufi 150 iliyokuwa ujumbe mmoja inakuwa mitatu kwa sababu ya puto moja. Tuseme sacco ina wanachama 2,000: hapo unalipia jumbe 6,000, na mwanachama hajapata neno hata moja la ziada.

Mwenyekiti wa sacco yetu alitaka mti wa Krismasi na zawadi kwenye salamu za mwisho wa mwaka. Tukakubaliana: picha zote ziende kwenye kundi la WhatsApp, SMS ibaki na maneno peke yake, na tarehe ya kufungua ofisi Januari iwe kwenye mstari wa kwanza.