Tafakari ya wiki: kazi umefanya wewe, jina la mwingine

Bwana asifiwe wapendwa. Neno letu wiki hii ni Wakolosai 3:23, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Wengi tunalijua kwa kichwa, ngoma inakuwa nzito pale umetoka jasho wewe halafu anayetajwa ni mwingine.

Kuna mama anaitwa Ida Lupino, kazaliwa London 1918, akawa staa wa muvi Hollywood. Miaka ya 1940 Warner Bros, kampuni ya muvi iliyomwajiri, wakimpa skripti haipendi anakataa, wanamsimamisha kazi, na yeye badala ya kukaa nyumbani kununa anaenda zake kwenye seti kuangalia madairekta wanavyofanya kazi na wahariri wanavyokata picha.

Sasa 1949 yeye na mumewe Collier Young wanatengeneza muvi yao wenyewe, Not Wanted, habari ya binti kapata mimba hajaolewa, kitu ambacho Hollywood ya wakati ule walikuwa wanakikwepa (na makanisani kwetu bado tunakikwepa, tuseme ukweli). Dairekta alikuwa mzee Elmer Clifton. Kazi ndio kwanza imeanza, mzee akapata shambulio la moyo. Ida akaingia akaongoza mpaka mwisho, lakini majina yakipita kwenye skrini unasoma dairekta ni Elmer Clifton, Ida hakutaka kumvua mzee wa watu heshima yake. Clifton akafariki mwaka huohuo.

Yaani hiyo ndio ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza, ile ambayo mtu yeyote angetaka jina lake liwe kubwa kuliko yote!

Sisemi alikuwa mlokole, ndoa zake tatu zote zilivunjika. Tena hebu sikia hii, Collier walipoachana akaoa mwigizaji Joan Fontaine, na 1953 wakafanya muvi wote pamoja, The Bigamist, Collier kaandika, Ida kaongoza, na humo ndani Ida na Joan ni wake wa mwanaume mmoja. Sisi kwaya inavunjika kwa ajili ya sare.

Baadaye akahamia kwenye TV, akaongoza vipindi vingi tu vya macowboy na vya kutisha, na kwenye ile The Twilight Zone ya mwanzo, kipindi cha hadithi za ajabu ajabu, ni yeye mwanamke pekee aliyeongoza, episodi ya 1964. Kwa TV nani anasoma jina la dairekta? Watu wako sebuleni wanasubiri hadithi ianze. Ila waliokuwa naye kazini walimjua, nyuma ya kiti chake cha dairekta paliandikwa Mama Yetu Sote.

Maombi ya wiki hii tuyaelekeze kwa watu wa hivi hapa kwetu, anayekaa kwenye mixer ibada nzima, anayeandika matangazo yanasomwa na mwingine, akina mama wanaobaki kuosha vikombe wakati sisi tunapiga picha na wageni. Ukimjua mmoja mtaje kwa jina unapoomba.